Barua ya Bwana Kuribayashi

Bwana Kuribayashi, mkuu wa idara ya mauzo ya nje katika kiwanda cha pampu cha Hirao, alitumia jioni tatu kuandika kurasa mbili kwa mkono. Alizitia kwenye bahasha ya kampuni, akatembea nazo hadi mezani kwa Chisato Iwamoto, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mkuu kumkabidhi aliye chini yake kitu kwa mikono miwili si jambo la kila siku. Ofisi nzima ilijitia kusoma karatasi zake.

"Nimeandika kwa Kijapani," alisema. "Kiingereza changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Mpe mumeo atafsiri. Mwalimu atajua la kufanya."

Chisato aliinama mpaka nywele zikagusa meza. Machozi yalimlengalenga, akayameza. Kwa miaka kumi na moja hakuna mtu wa idara ile aliyewahi kumwona akilia, na hakuona sababu ya kuwapa zawadi hiyo sasa.

Kila mwaka kiwanda kilimpeleka mfanyakazi mmoja Amerika kusomea biashara, ile shahada wanayoiita MBA. Ada yote ilikuwa juu ya kiwanda, mradi mtu apokelewe na mojawapo ya vyuo sita vya kwenye orodha. Miaka kumi na tisa walikuwa wamekwenda wanaume kumi na tisa. Zamu ya ishirini alipewa Chisato, na hakukuwa na zamu nyingine, kwa sababu kiwanda hakimchagui mtu aliyetimiza miaka thelathini na minne, naye angeitimiza mwezi Mei. Alama zake za mtihani wa kuingilia zilichelewa kupanda, vyuo vitano vikafunga milango. Kilibaki kimoja, nacho kingefunga Jumanne asubuhi. Fomu zilishaingia, insha zilishaingia. Iliyokosekana ni barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wake wa kazi.

Mshauri wake wa Tokyo, Bi Sugiura, alimwambia tangu Septemba aiandike mwenyewe kisha mkuu aigonge muhuri, kama wanavyofanya wote. Chisato alipiga moyo konde akamwomba Bwana Kuribayashi hivyo. Mzee alimtazama juu ya miwani yake.

"Ujisifu wewe, nigonge muhuri mimi?" alisema. "Huo ni wizi, Iwamoto. Nitaandika mwenyewe."

Na sasa alikuwa ameandika.

*

Jioni ile mama mkwe wake, Tomie, ndiye aliyeisoma barua kwa sauti pale mezani, supu ikipoa mbele yao.

"'Iwamoto bado ni mchanga,'" alisoma, "'na yapo mengi asiyoyajua. Hana kipaji cha kutajwa. Lakini kazi aliyopewa haiachi njiani. Mimi niliyepewa kumlea nimeshindwa kumlea inavyostahili, na aibu hiyo ni yangu, si yake. Nawaomba kwa unyenyekevu mumpokee, mumfunze bila kumhurumia.'"

Tomie aliiweka barua chini akajifuta macho kwa aproni. "Huyu mzee amekuona, mwanangu. Ungekuwa binti yake wa kumzaa asingekuombea zaidi ya hivi."

"Hata mimi imenigusa," alisema Ryohei, mume wa Chisato.

Walikuwa wakisema kweli. Huku kwetu mtu wako hupaswi kumsifu mbele ya wageni, kama vile usivyojisifu mwenyewe. Mkeo hajui kupika, mwanao ni mzembe, kijana wako wa kazi bado mbichi. Unavyozidi kumshusha ndivyo anayekusikiliza anavyojua umemweka wapi moyoni. Barua ile ilimshusha Chisato mpaka sakafuni, na kila mtu pale mezani alielewa amepandishwa wapi.

Pamoja na barua kulikuwa na fomu ya alama. Kila sifa ilikuwa na safu tano, kuanzia "wa kawaida," "mzuri" na "mzuri sana," hadi "bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi." Bwana Kuribayashi alikuwa ametia alama kwa penseli kwenye "mzuri" kutoka juu hadi chini.

"Mzuri kila mahali!" Chisato alicheka kwa furaha. "Mzee yule hajawahi kusema 'mzuri' hata kwa bia."

Binti yao Koharu, wa miaka sita, alipiga makofi bila kujua anashangilia nini. Ryohei aliichukua barua akaenda nayo chumbani na kamusi yake. Baada ya saa moja na nusu alirudi na kurasa mbili za Kiingereza zisizo na kosa hata moja. Chisato alimshukuru, akazituma Tokyo bila kuzisoma. Mume wake anafundisha Kiingereza sekondari mwaka wa kumi na mbili huu, nani angezisoma?

*

Alhamisi saa ya chakula cha mchana alikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kiwanda, kopo la wali mapajani, simu sikioni. Saa moja ya Bi Sugiura ilikuwa yeni elfu thelathini, kwa hiyo walikuwa na desturi ya kuruka salamu.

"Bi Iwamoto, nikuulize. Umemkosea nini bosi wako?"

"Sijamkosea."

"Basi mbona amekushtaki? Hii si barua ya mapendekezo, hii ni kesi. 'Hana kipaji cha kutajwa.' 'Yapo mengi asiyoyajua.' Mtu wa kule ana dakika chache kwa kila mwombaji. Akifika mstari wa pili anakuweka pembeni, anakwenda kunywa kahawa."

Chisato aliangalia wali wake. "Lakini kwa Kijapani ni barua nzuri. Mama mkwe wangu amelia."

"Mama mkwe wako hayumo kwenye kamati." Bi Sugiura alishusha pumzi, sauti ikalainika kidogo. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya. "Sikiliza. Kule hawataki unyenyekevu, wala hawataki sifa tupu. Wanataka kisa. Siku gani, nani alikuwepo, ulifanya nini ambacho wengine hawakufanya, kisha ikawaje. Huyo mzee hana kisa chako hata kimoja?"

"Anavyo. Lakini kuvisema mbele ya wageni itakuwa kama anajivuna."

"Ndiyo maana nilisema uandike mwenyewe."

"Alisema ni wizi."

"Basi wote ninaowashauri ni wezi, na wote wako Amerika sasa hivi. Na nani ametafsiri? Mashine?"

"Mume wangu. Ni mwalimu wa Kiingereza."

Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda ambao Chisato aliulipia.

"Mwalimu," alisema Bi Sugiura. "Mtu anayejua Kiingereza kiasi hiki anajua pia kinavyosikika. Kuna sehemu tano hapa ambazo mtafsiri yeyote angezilainisha bila kusema uongo. Hii imenyooshwa kwa rula, neno kwa neno. Mimi si mshauri wa ndoa, Bi Iwamoto. Lakini muulize."

*

Alimuuliza jioni hiyohiyo, jikoni, Tomie akiwa bafuni akimwogesha Koharu. Ryohei alikuwa akiosha vyombo.

"Barua ile. Ulijua wataisomaje?"

"Nimetafsiri kilichoandikwa."

"Mwaka jana ulimkata mtoto wa watu alama kwa kutafsiri neno kwa neno. Ulikuja kumcheka hapahapa."

"Ningeongeza sifa ambazo mzee hakuzisema, ingekuwa kughushi."

"Sikukutaka ughushi. Nimekuuliza kama ulijua."

Ryohei aliendelea kusugua sahani ambayo ilikuwa safi zamani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakuwahi kumfokea mkewe, hakunywa akapitiliza, mshahara aliuleta nyumbani. Tangu kiwanda kilipotangaza jina la Chisato alikuwa amempongeza mbele ya watu wote, na usiku alikuwa akilala macho.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Sikukaa nikapanga, Chisato. Niliandika sentensi ya kwanza nikaiona ilivyo baridi, nikasema nitairudia. Kisha sikuirudia."

"Kwa nini?"

"Miaka miwili! Koharu anaanza shule Aprili. Mama magoti yake unayaona. Wenzangu shuleni kila asubuhi, 'Mwalimu Iwamoto, mkeo akienda Amerika utapikiwa na nani?' Wanacheka, na mimi nacheka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeacha. Nakujua. Kisha mpaka tunazeeka ningekuwa mtu aliyekuzuia."

"Na sasa wewe ni nani?"

Ryohei alifunga bomba. Bafuni Koharu alikuwa akiimba wimbo wa kuhesabu, na bibi yake, ambaye siku zote humwitikia, leo hakumwitikia.

*

Kumwomba mkuu wako abadilishe barua aliyokuandikia ni kumwambia kwamba hajui kazi yake. Kumwomba akusifu ni kujivua nguo mbele yake. Ijumaa Chisato alikuwa na haja ya kufanya yote mawili, na alimpata Bwana Kuribayashi mahali pabaya, kwenye ukumbi wa majaribio, ambako pampu mpya zilikuwa zikivuta maji ya bwawa kwa kelele ya kuziba masikio.

"Mkuu, nina jambo la aibu."

"Sema kwa nguvu, sikusikii!"

"Barua! Mshauri anasema haitafaa!"

Uso wa mzee ulikakamaa. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na jioni zile tatu alichana kurasa tisa kabla ya kuzipata zile mbili. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ila wao..." Aliinama. "Naomba unisifu, Mkuu."

Mafundi wawili waliokuwa wakipita na toroli walipunguza mwendo. Bwana Kuribayashi akawatazama, wakaongeza.

"Nimekusifu," alisema. "Hakuna mtu niliyewahi kumwandikia hivi. Unataka niseme nini tena? Niwe kama mchuuzi wa sokoni?" Alinyoosha mkono. "Hiyo ndiyo ya Kiingereza? Nisomee."

"Ni maneno yako mwenyewe."

"Nisomee kwa Kijapani kama atakavyosikia Mmarekani."

Chisato akamsomea. Ilibidi apige kelele ili ashinde pampu. "'Mfanyakazi huyu hana uzoefu! Mambo mengi hayajui! Hana kipawa chochote! Nilijaribu kumfundisha, nikashindwa! Tafadhali mchukueni, mumchukulie hatua kali!'" Wale mafundi wa toroli walikuwa wamesimama tena mlangoni, na mmoja alikuwa amejiziba mdomo. Chisato aliwaona, masikio yakamwaka moto, na bado akasoma mpaka mwisho, kwa sababu angeacha katikati asingepata nguvu za kuanza upya.

Bwana Kuribayashi alivua miwani akaifuta matone ya maji. Iliposafika aliendelea kuifuta.

"Ndivyo wanavyosikia?"

"Ndivyo, Mkuu."

"Na mumeo alilijua hilo?"

Chisato aliangalia maji ya bwawa. Bwana Kuribayashi alikuwa mume wa mtu kwa miaka thelathini na minane, hakuuliza mara ya pili.

"Jumapili saa nane mchana nitakuja kwenu," alisema. "Mwambie Mwalimu awepo."

*

Mkuu wa idara kuja nyumbani kwa mfanyakazi wake ni habari ya msiba au ya harusi. Tomie alianza kusafisha Jumamosi alfajiri na hakusimama. Alisugua hata upande wa nyuma wa mlango. Ryohei alipotaka kumsaidia kuinua meza alimpokonya ukingo wake.

"Mama, magoti yako."

"Magoti yangu usiyatie kwenye kesi yako," Tomie alimtolea uvivu. "Nilisikia yote Alhamisi. Bafu lina ukuta wa karatasi. Nimekuosha wewe, nimekulea, na mtoto wako nitamlea, lakini usinifanye kisingizio. Umenisikia?"

Ryohei alisema amesikia.

Bwana Kuribayashi alifika saa nane kamili na kikasha cha stroberi. Tomie aliomba radhi kwa uchafu wa nyumba ambayo ungeweza kula sakafuni pake. Mzee alikaa, akanywa chai, akaweka kikombe.

"Iwamoto, toka. Barua hii haikuhusu kuisikia."

Chisato akamchukua Koharu wakaenda jikoni, hatua nne kutoka pale, na mlango wa kati ulikuwa wa kuteleza, wa mbao nyembamba. Alifungua bomba aoshe stroberi. Kisha akalifunga.

"Mwalimu," alisema Bwana Kuribayashi, "sifa sijui kuzisema, ulimi unagoma. Nitasema yaliyotokea, wewe uandike kwa Kiingereza chao. Mahali nitakaposema kitu kikasikika vibaya kule, uniambie hapahapa, uso kwa uso. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mkuu," alisema Ryohei. Kompyuta ilikuwa mbele yake na mikono mapajani.

"Andika. Tulikuwa tumeuza pampu kwa kiwanda cha kugandisha samaki huko Surabaya. Zikafa tatu kwa mpigo, samaki tani nyingi wakaoza. Mkurugenzi wetu akasema kosa ni la mteja, wametumia maji machafu. Iwamoto alikwenda kule. Si kazi yake, yeye ni wa mauzo, lakini aliingia mwenyewe kwenye shimo la pampu na fundi wa pale, maji ya samaki waliooza yakimfika kiunoni. Akarudi na beringi ya pampu mfukoni, imesagika. Kosa lilikuwa letu. Beringi zilikuwa za bei rahisi, tulizibadilisha bila kumwambia mtu."

Vidole vya Ryohei vilianza polepole.

"Kikao kilikuwa na watu thelathini. Akaiweka beringi mezani, akasema, 'Ni yetu.' Mkurugenzi akamuuliza anakula mshahara wa nani. Akamwita msaliti. Akamwambia asimame pale aombe radhi mbele ya wote. Iwamoto akainama, akaomba radhi kwa kuharibu kikao. Kuhusu beringi hakulifuta neno lake. Alisimama dakika arubaini, hakuna aliyemwambia akae. Kiwanda kikalipa. Mwaka uliofuata watu wale wa Surabaya wakaagiza pampu arubaini, na mkurugenzi akasema ni juhudi zake mwenyewe."

Alikunywa chai. Jikoni Koharu aliuliza kwa nini mama ameshika stroberi bila kula, na Chisato akamwashiria anyamaze.

"Mimi nilikuwa nimekaa mkono wa kulia wa mkurugenzi," Bwana Kuribayashi aliendelea, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini. "Ripoti zote za beringi nilikuwa nimezisoma. Nilijua anasema kweli. Nilinyamaza. Liandike hilo."

"Mkuu," alisema Ryohei, "barua ni ya kumwombea yeye. Hilo la kwako..."

"Litasikika vibaya kule?"

Ryohei alifikiri. Angeweza kusema ndiyo na jambo likaishia hapo, mzee asingejua. "Hapana," alisema. "Kule litasikika vizuri kuliko yote."

"Basi liandike. Wasipojua mimi nilinyamaza, hawatajua ilimgharimu nini kusema peke yake."

Walifanya kazi hadi saa kumi na moja. Walipofika kwenye fomu ya alama mzee alitoa penseli na kifutio.

"Huko kwao 'mzuri' ni alama gani?"

"Ni kufeli, Mkuu."

"Basi 'wa kawaida' wameiweka ya nini?"

"Ya mapambo."

Bwana Kuribayashi aliguna, akafuta. Alitia alama kwenye safu ya mwisho, mstari baada ya mstari, na kila alama ilimtoa jasho kama mtu anayesaini mkopo wa mwenzake. Mstari mmoja hakuugusa, ule wa kupokea maelekezo. "Hapa nitaacha 'mzuri.' Huyu hasikii la mkuu wake, na sitaidanganya Amerika." Kisha akavuta kompyuta, akaingia kwa anwani yake, akabonyeza kwa kidole kimoja. Barua ikaenda.

Alipokuwa akivaa viatu mlangoni Chisato aliinama, naye akainama, na hakuna aliyetaja barua. Bwana Kuribayashi alimwambia Jumatatu asisahau orodha ya bei za Manila.

*

Tomie alimpeleka Koharu chini kumsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Ryohei alibaki amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika. Chisato alianza kukusanya vikombe.

"Watakuchukua," alisema Ryohei. "Barua ile, hata mimi ningekuchukua."

Chisato aliokota kikombe kingine. Alikuwa ameingoja furaha siku nzima, nayo ilikuwa imekuja, lakini imekuja na uchovu mwingi kiasi kwamba hakujua aishike wapi.

"Nisamehe," alisema Ryohei.

"Sijui bado. Nitajaribu."

Ryohei aliitikia kwa kichwa. Baadaye akauliza, "Habari ile ya Surabaya. Kile kikao. Kilikuwa lini?"

"Februari, mwaka juzi."

"Dakika arubaini umesimama mbele ya watu." Akageuka kumtazama. "Jambo kubwa hivyo, Chisato. Mbona hukuniambia?"

Chisato aliviweka vikombe chini kimoja kimoja.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuja nikakaa hapo ulipokaa, nikakuambia yote, na ya msaliti pia. Ulikuwa unasahihisha mitihani. Ulisema pole. Kisha ukaniuliza kama nimepita kununua mayai, na mimi nikakuomba radhi kwa kuyasahau."